Habari Mbaya Ifike Kabla ya Saa Nne

Ukitaka kuona timu zinazopendeza macho, njoo kwetu Lubumbashi, Kongo, tarehe 1 Mei, mwaka ambao kuna gwaride. Vitenge vimechapwa nembo ya kampuni, fulana zinafanana, kofia zinafanana, viatu tu ndivyo vinavyoonyesha nani ni nani. Migodi, mabenki, wasafirishaji, mpaka duka la vipuri lenye watu saba, wote wanapita kwa mistari mbele ya wakubwa, na jioni ni bia na nyama ya mbuzi. Siku ya kurudi kazini, mtu wa stoo hasemi na mtu wa karakana, dereva hajui mzigo unakwenda wapi, na shefu anasikia habari ya mashine iliyokufa kutoka kwa mteja.

Sina ugomvi na vitenge. Ninavyo kabatini, na vingine mama watoto amevishonea foronya. Ninachokataa ni ile imani kwamba watu wakivaa sare wamekwisha kuwa timu. Nimetumika miaka mingi kwenye karakana za kusuka upya mota za umeme, kazi ambayo hapa tunaiita kubobina, na sasa ninasimamia moja, ndogo, upande wa Kampemba. Nikiingia karakana ya mwenzangu siangalii kwanza vifaa wala vyeti vya mafundi. Naangalia habari mbaya inatumia muda gani kutoka kwa mtu aliyeiona mpaka kwa mtu anayeweza kuifanyia kitu. Penye dakika kumi pana timu. Penye siku tatu pana watu wanaopokea mshahara tarehe moja, basi.

Nieleze kazi yenyewe kidogo, maana bila hiyo maneno haya yatakuwa hewa.

Mota ikiungua kwenye pampu ya mgodi au kwenye kinu cha kusaga mahindi, inaletwa kwetu. Mpokeaji anaandika yaliyo kwenye bamba lake: nguvu, volti, ampea, kasi. Fundi mekanika anaifungua, anatoa rota, ile sehemu inayozunguka, anakagua beringi. Halafu anakuja mbobinaji, na huyu kabla ya kung'oa chochote anasoma koili za zamani, yaani waya uliozungushwa ndani. Stata, ile sehemu isiyozunguka, ina nafasi ngapi za kulaza koili, koili inaruka nafasi ngapi, ina mizunguko mingapi, waya ni wa unene gani, nyaya ngapi zimelala pamoja, muungano ni wa nyota au wa pembetatu. Yote yanaingia kwenye karatasi moja ambayo sisi tunaithamini kuliko mashine yoyote humu ndani, kwa sababu koili zikishang'olewa ile karatasi ndiyo mota. Baada ya hapo stata inaingia tanurini ili vanishi ya zamani iungue, koili zinavutwa nje, nafasi zinasafishwa na kuvikwa karatasi ya kuhami, koili mpya zinaingizwa kwa vidole, zinafungwa kamba, zinaunganishwa, zinapimwa, zinanyweshwa vanishi, zinaokwa, zinapimwa tena. Mekanika anarudisha rota na beringi mpya. Dereva anapakia.

(Waya wenyewe wa shaba unatoka nje ya nchi. Shaba inachimbwa hapa, inapita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ikiwa mabamba, na inarudi kupitia Kasumbalesa hiyohiyo ikiwa waya, kwa bei ambayo sitaki kuiandika asubuhi hii.)

Sasa hesabu mikono. Mpokeaji, mekanika, mbobinaji, mtu wa tanuri, mpimaji, dereva. Kila mahali kazi inapotoka mkono mmoja kwenda mwingine, kuna kitu kinaweza kupotea, na mara nyingi si kifaa. Kinachopotea ni neno.

Chukua mfano huu, ambao kila mbobinaji anaujua. Mota iliyounganishwa nyota, ikikosa fezi moja, yaani moja ya njia tatu zinazoiletea umeme, ikiwa inazunguka, inaungua kwa mpangilio: mafungu mawili ya koili yanakuwa meusi, fungu la tatu linabaki safi kama lilivyotoka kiwandani. Ikiwa ni pembetatu, linaungua fungu moja na mawili yanapona. Ukiona hivyo unajua ugonjwa hauko ndani ya mota. Uko kwa mteja, kwenye fyuzi, kwenye kontakta iliyochakaa, kwenye kebo, au umeme wenyewe ulikuja pungufu. Sasa weka mtu anayeiona picha hiyo na hasemi, kwa kuwa kazi yake aliyopewa ni kung'oa. Anang'oa vizuri. Mwenzake anasuka vizuri. Mpimaji anapima, ukinzani wa kuhami uko juu, kila kitu safi. Mteja analipa, anaifunga mahali palepale penye fezi mbovu, na baada ya muda mfupi mota inarudi ikitoa moshi, na mjini neno linaenea kwamba pale hawajui kubobina.

Muulize kila mmoja: alikosea wapi? Hakuna aliyekosea. Kila mtu alifanya kazi yake na kuifanya vizuri. Ndiyo maana mimi huwa napata usingizi kwenye semina zinazosema timu bora inajengwa kwa kuajiri watu bora. Watu bora sita waliokaa kimya wanaweza kumharibia mteja mota mara mbili.

Kwa nini watu hawasemi? Wenye kampuni wengi ninaozungumza nao wana jibu tayari: uvivu, kutojali, «vijana wa siku hizi». Mimi sikubali. Yule anayekaa kimya kazini, mfuate Jumapili kwao Katuba au Ruashi umsikilize akipanga harusi ya mdogo wake. Anaongea, anabishana, anakumbusha nani hajatoa mchango na nani alisema ataleta viti. Kwa hiyo ulimi anao. Ukimya wa kazini ni kitu anachojifunza pale getini.

Na sisi wa mji huu tumeujifunza kwa muda mrefu. Union Minière, kampuni ya shaba ya Wabelgiji, iliundwa mwaka 1906, mji ukaanzishwa 1910, na tangu hapo vizazi vizima vilikulia ndani ya kampuni: nyumba ya kampuni, posho ya unga ya kampuni, shule ya kampuni, hospitali ya kampuni. Serikali ilipoitwaa mwanzoni mwa 1967 na hatimaye ikawa Gécamines, jina lilibadilika lakini desturi ikabaki. Wazee wetu bado wanasema kampuni ilikuwa baba na mama. Halafu kati ya mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakaondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, na kila familia hapa ina mtu wake wa kusimulia hiyo hiari ilikuwaje. Baba akaenda zake. Adabu ya mbele ya baba haikwenda. Mpaka leo mtu anamkaribia shefu kama mtoto anavyomkaribia mzazi aliye mezani: anangoja amalize, anaangalia uso, na akiona uso haukukaa vizuri anasema «hapana, nilikuja kusalimia tu». Beringi inalia kule, yeye amekuja kusalimia.

Heshima si tatizo. Ningechukia karakana ambayo kijana anamwita fundi wa miaka sitini kwa jina tupu. Tatizo linaanza pale heshima inapomaanisha kumfichia mkubwa jambo ambalo angelihitaji zaidi kuliko mtu yeyote.

Kuna na jambo la lugha, ambalo sijaliona likiandikwa sana ingawa liko wazi kama jua. Mikutano ya kazi hapa hufanywa kwa Kifaransa. Karatasi za usalama, Kifaransa. Migodini ongeza Kiingereza na Kichina. Sasa kuna fundi amefunga beringi tangu Mobutu yuko madarakani, anajua kwa kuweka kiganja kwenye mfuniko kama kuna grisi nyingi mno. Kwenye mkutano wa Kifaransa fundi huyo ana sentensi mbili, ya kusalimia na ya kukubali. Anayezungumza ni kijana aliyetoka chuoni juzi, kwa Kifaransa kilichopigwa pasi, kuhusu mota ambayo hajawahi kuigusa. Maamuzi yanafuata Kifaransa. Karakana yetu tuliamua mazungumzo ya kazi yawe kwa Kiswahili chetu hikihiki cha Lubumbashi, pamoja na bobinaji na rulma (ndizo beringi) zake zote, na ripoti ya mteja ndiyo iandikwe kwa Kifaransa baadaye. Sikuongeza mshahara wa mtu, sikuleta mkufunzi. Waliokuwa kimya ndio wakawa na mengi ya kusema, na mmoja wa waliokuwa wasemaji wakubwa akapungua sana. Huyo naye tulimjua upya.

Walioyasoma mambo haya kwa utafiti wamefika karibu na hapo. Miaka ya tisini Amy Edmondson, ambaye baadaye akawa profesa wa Harvard, alichunguza makosa ya dawa kwenye vikundi vya wauguzi na madaktari hospitalini. Alitarajia vikundi vinavyofanya kazi vizuri zaidi viwe na makosa machache. Takwimu zikaja kinyume: vikundi vizuri vilikuwa na makosa mengi zaidi yaliyoripotiwa. Alipochimba akaona maelezo yake, kwamba kwenye vikundi hivyo watu walikuwa wanayasema makosa, na kwingine walikuwa wanayafunika. Mwaka 1999 akaandika makala iliyojulikana kuhusu usalama wa mtu kusema ndani ya timu bila kuogopa kudharauliwa au kuadhibiwa. Google nao, walipoanza mwaka 2012 kuchunguza timu zao zipatazo 180, wakakuta kwamba nani yumo ndani ya timu kuna uzito mdogo kuliko namna waliomo wanavyotendeana, na huo usalama wa kusema ukawa juu ya orodha.

Mimi nikiwa mtu wa karakana niliposoma habari ya wauguzi wale nilijisemea: mwenye kampuni wa hapa angewafukuza wale wazuri. Angeangalia daftari la makosa, aone kurasa zimejaa, aseme hawa ndio wabovu. Ndivyo tunavyofanya. Tunapenda daftari jeupe.

Lakini kusema «semeni bila woga» ni rahisi, na kila shefu anasema. Watu hawaangalii unavyosema siku hiyo, wanaangalia kilichompata wa kwanza aliyethubutu. Na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu nadhani wengi wanapapita haraka. Aliyeleta habari mbaya ya kweli ni rahisi kumshukuru, ameokoa fedha. Je, aliyepiga kengele bure?

Tulikuwa na mota ya kilowati 37, ya pampu. Mzee wetu wa kubobina, mtu aliyefundisha nusu ya mafundi wa mji huu, alikuwa ameshaisoma na kuandika: nyaya tatu pamoja, mizunguko kumi na moja, kwa hiyo ukikata koili unahesabu ncha 33. Mwanafunzi wa kazi alipewa kung'oa. Akakata koili moja, akahesabu, akasimama. Akahesabu tena. Kisha akafanya jambo ambalo mwanafunzi wa kazi hapa halifanyi, akaenda mpaka kwa mzee aliyekuwa ameshaanza kupima waya mpya.

«Muzee, hii koili niko napata makumi tatu, si makumi tatu na tatu.»

Karakana nzima ikapunguza sauti. Kumbuka maana yake: kijana wa mwaka wa kwanza anamwambia mzee kwamba karatasi yake ina kosa, na waya umeshaanza kukatwa. Mzee akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaenda. «Hesabu tena, mimi niko naangalia.» Kijana akahesabu, thelathini. Mzee akachukua koili ile akaigeuza mwangani, akaikwaruza kwa kisu pale palipokuwa na donge jeusi. Cheche ilikuwa imeyeyusha nyaya zikashikana, na ndani ya donge zilikuwamo zote ambazo hazikuonekana. Wakakata koili nyingine, ya upande usioungua sana. Thelathini na tatu.

Kijana alikuwa amekosea, mbele ya watu wote. Mzee akamrudishia koili mkononi akasema: «Leo ni wewe umekosa. Kesho ukiona tena, unaniita tena.» Akarudi kwenye waya wake. Hakutoa hotuba, wala hakucheka. Na aliyecheka nyuma kule aliangaliwa kwa jicho ambalo nililifurahia.

Dakika ishirini zilipotea siku hiyo. Ningeweza kuziandika kama hasara. Lakini tangu siku hiyo kila mwanafunzi wa kazi humu anajua bei ya kumwita mzee bure, na bei yenyewe ni kuhesabu upya. Toyota viwandani mwao wana kamba ambayo mfanyakazi yeyote anaivuta akiona tatizo. Kiongozi wa kikundi anakuja, na mara nyingi wanalimaliza kabla msururu wa magari haujasimama. Watu husimulia ile kamba kama ndiyo siri. Kamba hata sisi tunaweza kufunga, Kasumbalesa zinauzwa. Lililo gumu ni uso wa yule kiongozi anapofika na kukuta hakukuwa na kitu.

Kanuni tuliyo nayo, ya pekee tuliyoiandika ukutani, inasema habari mbaya ifike kabla ya saa nne asubuhi. Sababu si falsafa. Mpaka saa nne tunaweza bado kumpigia mteja wa Likasi au Kolwezi kabla hajatuma gari, tunaweza kuagiza beringi mjini kabla foleni haijaanza, tunaweza kubadilisha zamu ya tanuri kama umeme umetishia kukatika. Baada ya hapo habari ileile inakuwa imepanda bei. Aliyeileta saa tatu hata kama yeye ndiye aliyeharibu, mazungumzo yake ni juu ya mota tu. Aliyejua saa tatu akasema saa tisa, huyo tunazungumza juu yake mwenyewe. Watu wameielewa tofauti hiyo haraka kuliko nilivyodhani.

Wakufunzi wanaotua hapa kutoka Kinshasa au Johannesburg hupenda kutupa mfano wa Mazembe, klabu yetu ya mpira, wakijua tutapiga makofi. Na kweli tunapiga. Ligi ya Mabingwa 2009 na 2010, halafu Desemba 2010 kule Abu Dhabi timu ya Kamalondo inawatoa Internacional wa Brazili 2–0 na kuwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, kipa Kidiaba akiruka kwa makalio mbele ya dunia nzima. Inter Milan wa Italia walitufunga 3–0 fainali, sawa, hiyo haisimuliwi semina. Ila mfano wenyewe naona hautufai sana. Uwanjani mpira unaonekana. Aliyeupoteza anaonwa na watu maelfu papo hapo, na mwenzake anajua kukimbilia wapi. Karakana, ofisi ya fedha, hospitali, mpira hauonekani. Uko ndani ya kichwa cha mtu mmoja mpaka aseme. Kazi zetu nyingi ni mechi inayochezwa gizani, na hapo kelele za wachezaji zina maana kuliko kasi zao.

Mfano mzuri zaidi uko sokoni Kenya, ile komini ya hapa mjini, si nchi, na hauhitaji mkufunzi: likelemba. Kina mama kumi wanatoa kila wiki, mmoja anachukua, zamu inazunguka. Hakuna mwanasheria, hakuna mkataba, na fedha ni zile za kununulia unga. Kwa nini inasimama, wakati kamati ya kampuni yenye katiba na muhuri inakufa? Mimi niliwahi kumuuliza mama mmoja muuza kapenta, wale samaki wadogo, anayeshika daftari la wenzake, akanijibu kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto. Tuko wachache, kila mtu anajua zamu ya nani, na asiyeleta Jumamosi tunajua Jumamosi. Kisha akaongeza kwamba atakayepata msiba anasema mapema, na zamu inasogezwa, hakuna aibu. Aibu ni kunyamaza mpaka siku ya kuchukua.

Hiyo ya kuwa wachache ina hesabu yake. Watu watano wana njia kumi za kuzungumza wawiliwawili. Kumi na wawili wana njia sitini na sita. Hakuna shefu anayeweza kulinda njia sitini na sita zisizibe, kwa hiyo mimi karakana ikizidi watu wanane naigawa, kila kikundi na mota zake kuanzia bamba mpaka lori.

Na kujuana kwa majina. Hili nililipuuza kama mambo ya adabu tu mpaka niliposoma habari ya orodha ya ukaguzi wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani. Ilijaribiwa katika hospitali za miji minane kati ya 2007 na 2008, mmoja wa miji hiyo ukiwa Ifakara, Tanzania. Kabla ya kisu kugusa ngozi, kila aliye ndani ya chumba anataja jina lake na kazi yake, pamoja na mengine kama kuthibitisha mgonjwa ni nani na anapasuliwa wapi. Matokeo yalichapishwa Januari 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Si majina peke yake yaliyofanya hivyo, orodha ina vipengele 19. Lakini wapasuaji wenyewe wanakubali kwamba muuguzi aliyekwisha kusikika sauti yake mara moja ndani ya chumba ni rahisi zaidi kuipaza mara ya pili. Kwetu, mtu mpya anaanza asubuhi kwa kusoma karatasi ya mota kwa sauti mbele ya wenzake. Sauti yake inatoka mapema, kwa jambo lisilo na hatari, na sisi tunajua jina lake kabla hatujahitaji kumwita kwa kelele.

Kuhusu mishahara nitasema kwa kifupi kwa kuwa hakuna la kubishana: ikichelewa, timu haipo. Mtu ambaye mwenye nyumba anamngoja mlangoni hana nafasi kichwani ya kukumbuka kwamba fungu la tatu lilikuwa safi. Zawadi za mtu mmoja mmoja nazo nina kinyongo nazo cha zamani. Kampuni moja niliyotumika zamani ilileta «mfanyakazi bora wa mwezi», picha ukutani na bahasha. Baada ya muda si mrefu vifaa vya kupimia vikaanza kulala kwenye masanduku ya watu, na fundi aliyekuwa na ujanja wa kutoa beringi iliyokwama akawa anaufanya mwenzake akiwa ametumwa nje. Picha zilikuwa nzuri. Kwetu bahasha inakwenda kwa kikundi, na inakwenda pale mota inapomaliza muda wa dhamana bila kurudi, si pale inapotoka getini ikimeremeta.

Na ndugu wa mwenye mali? Ah. Kila karakana Lubumbashi ina mpwa. Wetu ni mpole na anajitahidi, lakini wenzake walikuwa wanabadilisha mazungumzo akikaribia, kwa kuwa walidhani kila neno linafika mezani kwa mjomba. Nilimwomba mwenye mali jambo moja tu, kwamba siku mpwa akimpelekea habari ya karakana nyumbani, amjibu «mwambie shefu wako kesho asubuhi». Alikubali, na kwa bahati ni mtu wa neno lake. Wapo wenzangu ambao mjomba anataka hizo habari, na hao sina la kuwashauri.

Ninalohangaika nalo sasa ni dereva. Yeye anaondoka kabla hakujakucha, kwa hiyo kikao chetu cha asubuhi hayumo, na kumbe yeye ndiye mtu pekee anayefika mota inakofungwa. Anaona kebo imeunganishwa kwa mkanda, anaona pampu imekaa majini, anasikia mota ya jirani inavyolia. Kwa muda mrefu hakuna aliyemuuliza, yeye ni wa usukani. Siku hizi anatuma sauti kwa WhatsApp akiwa bado kwa mteja, na sisi tunaisikiliza tukinywa chai, mzee akiwa ameshika simu karibu na sikio na kutuamuru tunyamaze. Wiki hii alirekodi mlio wa mota tuliyoipeleka mwezi uliopita, na mzee akatambua kutoka kwenye simu kwamba mkanda wa puli umevutwa mno. Tukampigia mteja, ukalegezwa siku hiyohiyo. Imebaki nani analipia mega za simu. Mwenye mali anasema simu ni ya dereva. Dereva anasema masikio ni ya kampuni. Mimi niko upande wa dereva, na Jumatatu nitamwambia mwenye mali, kabla ya saa nne.